Mstari Niliouandika Bila Kutazama

Mpendwa shangazi Nkwimba,

Shikamoo. Najua uliiitikia mwezi uliopita kabla mimi sijaitoa, na hilo nitalifikia, lakini barua ya mtoto kwa shangazi yake haiwezi kuanza bila salamu, hata kama mtoto mwenyewe ameshaota mvi na haya imemjaa usoni.

Ni mimi Shija, mtoto wa kaka yako, yule uliyemlea tangu mama alipofariki. Ningeweza kuikunja barua hii nikampa dereva wa basi la Geita akuletee, ukaisoma peke yako. Nimeiacha wazi, kila mwenye macho aisome, kwa sababu ile karatasi iliyokuondoa nyumbani niliisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Haitakuwa haki leo niifute kwa kunong'ona.

Nianze na kopo lako. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, ulilitoboa pembeni ukalitia kamba ya katani, na halikukaa mbali nawe hata siku moja. Ulikwenda nalo shamba la pamba, kanisani, kilioni. Ulikula matonge mawili ya ugali, ukapiga funda la maji, ukala mawili mengine. Ukihadithia jambo refu ulisimama katikati, ukanywa, ukaendelea pale pale ulipoishia, nasi watoto tukasubiri bila kulalamika kwa sababu tulishazoea. Watoto wa mtaa wetu walikuita Shangazi Kopo. Nadhani hukuwahi kujua nani alilianzisha jina hilo. Nilikuwa mimi.

Na michembe. Msimu wa viazi ukipita, ile michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa juani, kila mtu aliigombania aitafune hivyo hivyo mikavu njiani kwenda shule, isipokuwa wewe. Fungu lako ulinitilia mimi mfukoni kila siku. Nikajua napendwa kuliko wote, nikatamba mbele ya dada yangu Kabula hadi akalia. Leo najua kwamba ulinipenda kweli, na pia najua kwamba michembe mikavu isingepita kooni mwako hata ungekaa nayo mdomoni kutwa. Yote mawili yalikuwa kweli, ila mimi nililiona moja tu.

Macho yako yalikuwa mekundu tangu nikufahamu. Asubuhi ulilowesha kitambaa ukakiweka juu yake, ukakaa kimya kidogo kabla hujaanza kazi. Kwetu macho mekundu si jambo la utani, shangazi, nawe unalijua kuliko mimi. Mwanamke mwenye macho mekundu hutazamwa mara mbili, na akishafika umri wa kuitwa bibi hutazamwa zaidi. Ulipokuwa kijana watu walisema ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe tunachopikia. Baadaye wakaacha kusema ni moshi.

Unakumbuka nilivyoondoka kwenda chuo cha mionzi? Siku ile shangazi Holo, dada yako mkubwa, alikuwa bado hai, na baraka ilikuwa kazi yake. Alitia unga mkavu wa mtama mdomoni, akautafuna hadi ukalowa mate yake mwenyewe, akanipulizia kifuani mara tatu, nikatoka pale na shati lililolowa huku wote wakipiga vigelegele. Wewe ulisimama nyuma. Ulinisindikiza hadi barabarani, na pale tulipokuwa wawili tu ulichovya kidole kwenye kopo, ukanipaka maji kwenye paji la uso. Ukasema, "Mimi nina maji haya tu, baba. Nenda." Basi likaja. Nilijifuta kwa mkono kabla ya kupanda, kwa sababu abiria walikuwa wananitazama.

Kisha shangazi Holo akafariki, na Kabula akaposwa. Zamu ikawa yako.

Sisahau uwanja ule ulivyojaa. Kabula amepiga magoti kwenye kitenge kipya, Baba Mkubwa Mabula amekaa na wazee wenzake, nawe umetia unga mdomoni. Ukatafuna. Ukatafuna tena. Watu wakaanza kutazamana. Ulipopuliza, unga ulitoka mkavu kama ulivyoingia, ukamwagika kwenye nywele za Kabula kama vumbi. Ukarudia mara ya pili, ukarudia ya tatu, ukaanza kukohoa.

Baba Mkubwa akasema, "Nkwimba, mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea, kaka. Mdomo hautoi."

Ukanyoosha mkono kuchukua kopo, naye akakuzuia. "Maji ya kisima hata jirani anayo. Tunataka ya kwako."

Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu, mate yawe ya mwenyewe, na anayekunyima mate amekunyima moyo. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje kwa mtu ambaye hana ya kutoa. Wakamtafuta binamu yenu mmoja kutoka Ushetu amalizie, na harusi ikaendelea, lakini ngoma haikuchangamka tena.

Mtoto wa kwanza wa Kabula alifariki kabla hajatambaa. Nilikuja kwenye msiba nikakuona umekaa kando ya mwanao, maana Kabula ni mwanao kama mimi, umemshika mabega, na uso wako mkavu kabisa. Wanawake wote walikuwa wamelowa. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake nyuma ya nyumba, "Mtazame, hata chozi moja." Nilisikia, shangazi. Nikajifanya natafuta mahali pa kuegesha pikipiki.

Baba Mkubwa alijiona mtu wa haki. Hakutaka maneno ya pembeni. Akasema mbele ya wote kwamba Shija ni mtaalamu wa picha hospitali ya mjini, ana mashine inayoona ndani ya mwili, basi Nkwimba aende apimwe. Kama kuna ugonjwa karatasi itasema, na mdomo wa kila mtu utafungwa. Wewe ulifurahi. Ulinipigia simu mwenyewe ukasema, "Afadhali wewe, maana mgeni angeniogopa."

Ukaja Jumatatu. Nakuona hadi leo ukiingia na gauni lako la kanisani, kopo mkononi. Benchi la nje lilikuwa limejaa wajawazito, daktari wa zamu alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba nipige utrasaundi ya shingo kutafuta uvimbe, nami nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye cheti chake bado kinanukia wino. Kitu cha kwanza nilichokwambia, hata kabla sijakuamkia vizuri, ni kwamba vyombo vya maji haviruhusiwi chumba cha mashine. Ukaliacha kopo chini ya benchi. Ulipolala kitandani, ulimi wako ulikuwa unagonga kwenye kaakaa kila ulipotaka kusema. Ukaniambia, "Shija, tazama vizuri hapa mbele ya sikio. Mimi nikipapasa naona kama hapana kitu."

Nikacheka. Nikasema, "Shangazi, kazi hii nimesomea."

Sasa nikueleze kile nilichopaswa kukueleza siku ile. Mate hayatoki tu mdomoni. Yana viwanda vyake, tezi kubwa tatu kila upande: moja mbele ya sikio, moja chini ya taya, moja chini ya ulimi. Kwenye mashine yetu ile ya mbele ya sikio huonekana nyeupe kiasi, laini, imetandazwa juu ya mfupa wa taya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuipata. Mtu mmoja mmoja, mara chache sana, huzaliwa bila tezi hizo. Zilipaswa kuchipua tumboni mwa mama hazikuchipua, na mahali pake pakajaa mafuta na msuli. Wakati mwingine na zile za machozi hazichipui. Mtu huyo hana mate, hana machozi, meno yake huoza mapema, macho yake huwa mekundu kwa ukavu. Si mchawi, wala hana kinyongo na mtu. Anahitaji maji tu, na dawa ya matone ya macho.

Nilifundishwa hayo. Yalikuwa ukurasa mmoja kwenye daftari, na mwalimu aliupita haraka akisema huenda tusimwone mgonjwa wa namna hiyo hadi tunastaafu.

Kazi yetu ina ubaya wake, nao ndio ulioniponza siku ile. Tumezoeshwa kutafuta kilichozidi, yaani uvimbe, jiwe, usaha. Nilipitisha kichwa cha mashine kwenye koo lako, nikaona tezi ya shingo iko sawa, nikashuka na kupanda mara moja, sikuona uvimbe, nikakupa karatasi ujifute jeli. Kompyuta ilikuwa na majibu ya shingo yaliyoandikwa tayari. Ukimpima mtu unayafungua, unafuta ambalo si kweli, unabakiza mengine, unasaini. Mstari wa tatu ulikuwa unasema tezi za mate ziko kawaida pande zote mbili. Sikuufuta. Sikuwa nimezitazama hata kidogo, lakini mstari ulikuwa pale, umepangika vizuri, na mjamzito wa nje alikuwa anagonga mlango.

Jumapili iliyofuata Baba Mkubwa aliita watu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Akanipa akasema, "Soma kwa lugha yetu, kila mtu asikie." Nikasimama. Nikasoma kwa Kisukuma, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mtu msomi. Nilipofika ule wa tatu watu wakainua vichwa. Baba Mkubwa akasema, "Kwa hiyo tezi zake za mate ni nzima."

Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, kwa macho yale mekundu, ukauliza polepole, "Shija, umeona kweli?"

Nami nikasema, "Nimeona, shangazi."

Nimejitetea kwa miaka. Nimejiambia lilikuwa kosa la kazi, kila fundi ana lake. Lakini mstari ulikuwa uzembe, na jibu lile lilikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati linatoka. Sikukumbuka kuona tezi yoyote. Ningesema tu, "Sina hakika, nirudie kukupima." Maneno machache kama hayo. Ila watu walikuwa wananitazama kama mtaalamu, na utaalamu ulikuwa mtamu.

Baada ya pale hukuwa tena mtu asiyeweza kubariki. Ulikuwa mtu anayeweza na hataki. Hakuna aliyelitamka lile neno mbele yako, ila uliona mwenyewe walivyoanza kuwaita watoto wao ukipita. Mkulima mmoja jirani alikuuliza kisimani, mchana kweupe, kama bado hujapata pa kuhamia. Asubuhi moja ukafunga mzigo, ukaning'iniza kopo begani, ukaomba lifti ya baiskeli hadi barabarani. Kabula alinipigia simu analia. Nilimwambia, "Atarudi, hasira zikiisha." Kana kwamba hasira zilikuwa zako.

Sasa nikwambie kuhusu Limi, mwanangu, ambaye hujawahi kumwona. Ana miaka sita. Alipoanza kula vyakula vigumu tuliona anataka kikombe cha maji pembeni kila tonge. Meno yake ya mbele yaliota yakaanza kubanduka vipande vipande. Nilimgombeza mama yake, nikasema anampa pipi mtoto nikiwa kazini. Mama Limi aliapa hampi. Sikumwamini hadi juzi juzi, na samahani hiyo nayo nadaiwa ndani ya nyumba yangu.

Alilia siku moja, alikuwa ameanguka kwenye ngazi, akalia kwa sauti yote, na nilipomnyanyua nimfute machozi mkono wangu ulirudi mkavu. Nilibaki nimemshika tu. Mama Limi akauliza nina nini, nikasema sina kitu.

Daktari wa meno ni mama mmoja mpole asiye na maneno mengi. Alinyanyua ulimi wa Limi, akaugusa kwa pamba, pamba ikanata. Akamdondoshea tone la limau, akasubiri. Hapakuja kitu. Kisha akaandika fomu ya picha na kunipa mimi mwenyewe, maana ndimi niliyekuwa zamu. Hakuandika nitafute uvimbe. Aliandika swali moja: tezi za mate zipo?

Nilimlaza mwanangu kwenye kitanda kile kile, shangazi. Nilimruhusu aingie na chupa yake ya maji. Nikaweka kichwa cha mashine mbele ya sikio, nikaona ngozi, mafuta, msuli, mfupa. Nikaweka upande wa pili, ikawa vile vile. Chini ya taya hapakuwa na kitu. Nilirudia, nikageuza, nikabonyeza hadi akasema namuumiza. Palikuwa wazi kabisa, hata asiyesomea angeona. Nikasikia sauti yako ikisema, mimi nikipapasa naona kama hapana kitu. Wewe uliona kwa kidole kile nilichokataa kukiona kwa mashine.

Tukampeleka Mwanza kwa picha kubwa zaidi. Daktari bingwa wa mionzi akatuonyesha kwenye kioo: mahali pa tezi pamejaa mafuta, za machozi nazo hazionekani. Akasema ni ya kuzaliwa, nayo hutembea kwenye ukoo, mwingine humshika sana na mwingine kidogo. Kisha akauliza, "Kwenu kuna mwingine mwenye hali hii?"

Mama Limi alinigeukia. Anazijua habari zako, nilimsimulia kwa namna yangu. Nami nikasema, "Hapana, daktari. Hayupo."

Ndiyo. Nilikukana mara ya pili. Tulifika hadi getini. Nilimwacha mke wangu na mtoto kwenye bajaji, nikapandisha ngazi tena, nikamkuta bingwa anafunga mlango wake. Nikamwambia, "Yupo. Ni shangazi yangu. Nilimpima mimi mwenyewe nikaandika yuko sawa." Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama picha zako zimehifadhiwa. Nikasema hazipo. Akaandika kitu kwenye faili, na kule kutonigombeza kuliniuma zaidi.

Juma lile, mchana watu wakiwa wamekwenda kula, nilifunga mlango wa chumba cha mashine nikajipaka jeli mwenyewe. Upande wa kulia tezi yangu ipo, nzuri, imetandazika. Upande wa kushoto haipo. Miaka yote natafunia upande mmoja nadhani ni mazoea. Nina nusu ya kile ambacho wewe huna, shangazi, na ni mimi niliyesimama kukusomea hukumu.

Ndipo nikaanza kukutafuta. Mfanyabiashara wa mchele aliniambia kuna mama wa Kisukuma mwenye miwani myeusi anapikia wachimbaji huko Geita, kwenye rashi moja, machimbo mapya ya dhahabu yaliyofumuka karibuni. Nikapanda basi kupitia Kahama, nikashuka, nikachukua bodaboda hadi kwenye maturubai, karasha zinasaga mawe hadi meno yanatetemeka. Sikuhitaji kuuliza sana. Kijana wa bodaboda alisema, "Unamtaka Mama Maji? Yule pale. Kila sahani anaweka na kikombe cha maji, ukitaka usitake."

Nilikaa kwenye benchi la mwisho, kati ya wachimbaji wawili weupe kwa vumbi la kwenye duara, shimo lao la kuchimbia. Ulikuwa umenipa mgongo. Umekonda, lakini unatembea kwa haraka ile ile. Kopo lilikuwa limening'inia kwenye msumari, jipya, ila kamba bado ni ya katani. Nikapiga moyo konde nisimame, niseme. Ukageuka na sahani. Ukaweka kikombe cha maji mbele yangu kwanza, kisha wali na maharage. "Karibu chakula, baba," ukasema, kama ulivyowaambia wote. Miwani ilifunika macho, sikujua unanitazama au la.

Nikala, shangazi. Nilikaa mbele yako nikala chakula chako chote bila kukuamkia. Mtoto uliyemlea, hata shikamoo sikuitoa. Kila nilipofungua kinywa nilisikia ile "nimeona" ikirudi. Mchimbaji wa kulia akasema kwa utani, "Mama Maji, huyu mgeni wako ana kiu, amemaliza kikombe." Ukanijazia kingine. Nikanywa. Nikainuka, nikaondoka kama mwizi, nimeshafika kwenye kona ya turubai, ndipo nikakusikia nyuma yangu, bila kupandisha sauti:

"Marahaba, Shija."

Sikugeuka. Nisamehe na hilo. Nilikwenda hadi barabarani karibu nakimbia.

Ila neno lile halikuniacha nilale. Mtu anayeitikia salamu asiyopewa amekuachia mlango wazi, na mimi nimezoea kufunga milango. Jumapili iliyopita nikaita watu, uwanja ule ule. Baba Mkubwa sasa anatembea kwa fimbo. Nikasimama pale pale, nikasema kwamba karatasi niliyoisoma ilikuwa na mstari ambao sikuutazama, na kwamba uliponiuliza nilidanganya. Nikaeleza tezi, nikamwita Limi, akafungua mdomo wazee wakaona meno yake. Baadhi walitazama pembeni.

Baba Mkubwa akasema, "Sisi tulikuwa na mashaka, Shija. Wewe ndiye uliyetupa uhakika." Alipoinuka alisema nikikuona nikuambie kaka yako anaumwa miguu, vinginevyo angekuja mwenyewe. Kwa Baba Mkubwa hiyo ni mengi, unamjua.

Kabula ndiye aliyeniumiza zaidi. Alisema, "Nilipomzika mtoto wangu, wote waliolia walikwenda kwao kupika. Shangazi alilala na mimi chini siku zote za matanga, mkono wake haukuniachia. Mimi sikuhitaji karatasi." Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema, "Ulikuwa wewe ndiye daktari." Mimi si daktari, na hata hilo sikuwahi kumsahihisha mtu.

Leo nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kazini. Nataka kufanya jambo moja sawasawa. Majibu mabaya yanasahihishwa kwa kumpima mgonjwa upya, lakini sina haki ya kukuita uje ulale tena kwenye kitanda kile. Ukitaka, yupo dada mwenzangu makini atakupima, mimi nitakaa nje na wajawazito nikushikie kopo. Usipotaka, sitauliza sababu. Dawa ya matone ya macho nimeshaitafuta, nitaituma kwa yule kijana wa bodaboda ije mkononi mwako, hata kama hutaki kuniona.

Kuna ombi jingine ambalo naliogopa. Limi anaanza darasa la kwanza. Ukoo unasema mtoto akienda shule abarikiwe na shangazi mkubwa, na wamemtaja binamu yule wa Ushetu. Nimekataa. Nimewaambia anaye wake. Nilimweleza Limi habari zako, akauliza kama na wewe unakunywa maji kila tonge kama yeye, nikasema ndiyo. Akauliza kama na wewe watu wanakucheka. Hapo nilikumbuka jina nililokupa. Uje umchovyee kidole kwenye kopo, umpake kwenye paji la uso kama ulivyonipaka mimi. Baraka yangu niliifuta nikiwa bado nakuona unanipungia, na kila nilichokipata nimekipata kwa ile iliyobaki. Yake hataifuta. Nitasimama pale nihakikishe.

Kama huji, shangazi, bado nitakuamkia kila asubuhi kutoka huku, na marahaba yako ninayo. Kaa salama. Wabeja, asante, kwa michembe, na kwa kikombe kile cha pili.

Haya ndiyo majibu yako ya siku ile, kama nilivyopaswa kuyaandika na kuyasoma:

Tezi ya shingo: iko kawaida.
Uvimbe: hakuna.
Tezi za mate: sikutazama.

Mtoto wa kaka yako,
Shija, Baba Limi